Kambare Asiyeletwa Nyumbani

Mwanamume akitoka nyumbani kila Jumapili asubuhi na kusema anakwenda kumwona kambare, mwaka wa kwanza watu humcheka, mwaka wa pili hunong'ona, na kufikia mwaka wa tatu wanakuwa wameshampa huyo kambare jina, nyumba ya kupanga na watoto wawili. Ndivyo ilivyomkuta kinyozi wetu. Alikwenda kwa kambare wake miaka kumi na mmoja, akarudi kila mara nywele mbichi na uso unang'aa, na katika miaka yote hiyo hakuleta nyumbani hata mkia.

"Mtu hatoki kuonana na samaki akarudi anapiga mluzi," alisema dada yake, ambaye kwa mke wa kinyozi ni wifi, na mdomo wa wifi huyo ulikuwa haujui Jumapili wala sikukuu. "Lisemwalo lipo, wifi yangu. Kama halipo, laja."

Mke hakujibu kwa maneno, kwa sababu saa hizo kinywa chake kilikuwa kimejaa pini. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye chumba cha mlango mmoja kilichopakana na cha mumewe, na tangu ujana alizoea kubana pini kati ya midomo huku mikono ikipima kitambaa. Mteja akiuliza kama gauni limekaa vizuri, yeye huinua dole gumba. Likiwa halijakaa, hutikisa kichwa. Wifi alimwangalia kwa makini siku hiyo akingoja kimojawapo. Hakupata dole wala kichwa.

Sasa niseme mimi ukweli, maana kinyozi mwenyewe alishachoka kuusema. Kambare alikuwepo.

Nyuma ya mji, pale lami inapokwisha, kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa siku nyingi. Wachimbaji walipasua kokoto mpaka wakagonga chemchemi, maji yakawashinda pampu, wakaokoa walichoweza na kuacha kilichobaki: ngazi ndefu ya chuma, kibanda cha msimamizi, na toroli moja kubwa la kubebea mawe, lililopinduka magurudumu juu kwenye ubao wa mwamba uliojitokeza ukutani, mita tano kwenda chini. Maji ya mawe hayana tope. Ukisimama ukingoni saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia shimoni, unaiona ngazi ikishuka na kushuka mpaka inageuka rangi ya buluu.

Aliyempeleka huko ni mteja wake, mzimamoto mstaafu ambaye watu wote walimwita Kocha kwa kuwa alifundisha kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Siku hiyo Kocha alikuwa kwenye kiti, povu mashavuni, akaropoka kwamba chini ya lile toroli ameona kambare mwenye ukubwa wa mtoto wa darasa la tatu. Kinyozi akaacha wembe hewani.

"Kocha, kambare ni samaki wa matope. Kwenye maji ya kioo atajificha wapi?"

"Njoo umuulize mwenyewe."

"Unatia chumvi."

"Ninyoe kwanza. Tutabishana nikiwa sina wembe shingoni."

Kinyozi akaenda ili abishe, akarudi hana la kubisha. Alijifunza kuogelea, akajifunza kupumua kwa mpira wa mtungi, na siku aliyoinama kwenye mwanya wa toroli akakuta kichwa kipana na bapa kama kikaango, vijicho viwili vidogo visivyojali, na sharubu nane. Yeye ambaye alikuwa amenyoa wakubwa kwa wadogo, maaskari na maharusi, akaona sharubu nane za mwenye mali mmoja ambazo hakuna wembe uliowahi kuzipitia. Kambare wadogo walikuwa wamemweka huyo mkubwa katikati, wametulia kimya mithili ya watu wanaosubiri ajenda. Kinyozi akampa jina la Mwenyekiti, na likamkaa.

Ukitaka kujua kwa nini alirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, ingia kwenye chumba chake cha kazi siku ya Jumamosi. Viti viwili, kimoja cha kunyolewa na kimoja cha kusubiria ambacho hukaliwa na watu wanne. Redio inasema. Mashine inanguruma. Mmoja anaeleza jinsi ya kuendesha nchi, mwingine anaeleza jinsi ya kuendesha mke, na kinyozi anatakiwa akubaliane na wote kwa sababu wote wana vichwa. Kule chini hakuna aliyemwomba maoni. Mwenyekiti hakuwa na neno lolote, na kinyozi aliona huo ndio mkutano bora aliowahi kuhudhuria.

Tena alimpigania. Wifi alikuwa na tabia ya kusema, kila aliposhindwa kumwamrisha mtu yeyote nyumbani kwa kaka yake, kwamba hapa ni nyumba ya kambare, baba ana sharubu, mama ana sharubu, watoto nao wana sharubu, hakuna wa kumsikiliza mwenzake. Ni msemo wa siku zote na hakuna anayeudai ushahidi. Kinyozi peke yake ndiye aliyeudai.

"Wanaosema hivyo hawajafika kwake," alisema. "Mimi nimefika. Mayai yakishatagwa, dume ndiye anayebaki. Anayalalia juu, anayapepea kwa mkia, hatoki hata kwenda kula. Nionyeshe baba wa hapa mtaani anayefanya hivyo."

"Wewe unafanya?" akauliza mkewe kupitia ukutani, maana ukuta wa kati ulikuwa wa mbao na kila upande ulisikia mwingine.

Kinyozi akawasha mashine. Kuna maswali ambayo mashine iliundwa kwa ajili yake.

Kila Jumapili jioni alimsimulia mkewe alichokiona. Mke alisikiliza kwa sikio la heshima, lile linaloitikia "ehee" huku jicho likikagua pindo. Hakuwahi kusema haamini. Hakuwahi kusema anaamini pia, na kinyozi, ambaye si mjinga, alijua tofauti.

Halafu likaja jambo la sharubu za mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa na sharubu za miaka ishirini na sita. Zilikuwa nzito, zimechongoka ncha, na wanafunzi walinyamaza zilipochungulia mlangoni kabla mwenyewe hajaingia. Jumamosi moja aliketi kitini, akafumba macho, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wiki nzima ya makelele, "Ndevu zote toa. Sharubu usizinyoe."

Alisema upande wa kushoto. Sikio la kushoto la kinyozi lilikuwa limeanza kuzima tangu muda, kidogo kidogo, na kinyozi alikuwa amelichukulia kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Siku hiyo ile "usi" ilipotelea njiani. Yeye alisikia "sharubu zinyoe." Akashangaa kidogo, akajiambia mwenye mali ndiye aliyeamua, akapitisha wembe mara mbili.

Mwalimu alipofumbua macho alimwona kwenye kioo mtu asiyemfahamu, mdomo wa juu laini kama yai.

"Nani huyu?" akauliza.

"Naam," akajibu kinyozi, ambaye hata hilo hakulisikia vizuri, "imekupendeza sana."

Yaliyofuata nitayapunguza kwa heshima ya elimu. Mke alicheka upande wa pili wa mbao mpaka ilimbidi atoe pini zote mdomoni asije akameza mojawapo. Kisha kicheko kikamkatika. Yeye aliisikia ile "usi" kupitia ukutani, huku cherehani inakwenda. Mumewe alikuwa amesimama inchi mbili kutoka mdomo wa mtu, na hakuisikia.

"Kesho kutwa tunakwenda kwa daktari," akamwambia.

"Sikio litapona lenyewe."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akadakia wifi, aliyekuwa amekuja kuchukua sketi yake, na mara hii hakuna aliyembishia.

Daktari wa masikio alikuwa kijana mwenye subira na kalamu. Alichora. Ndani ya sikio, akasema, kuna kifupa kidogo kuliko punje ya mchele, na kazi yake ni kutikisika sauti ikija. Cha kinyozi kilikuwa kimeganda. Kisipotolewa sikio litazidi kuziba, na huenda la kulia likafuata. Kikitolewa na kuwekwa kingine cha bandia, kuna matumaini makubwa ya kusikia tena. Kinyozi aliinamisha kichwa kukubali kwa kila sentensi. Kisha daktari akageukia kompyuta yake kutafuta tarehe na kusema jambo moja akiwa amempa kisogo.

"Amesema nini?" kinyozi akauliza.

Mkewe akasogeza mdomo kwenye sikio lake la kulia, lile zima. "Amesema ukishafanyiwa, kupiga mbizi basi. Maji yatakisukuma kile kifupa alichokiweka."

"Basi kwa mwezi?"

"Basi moja kwa moja."

Tarehe iliyopatikana ilikuwa baada ya wiki kumi na moja. Mpaka siku hiyo, daktari alisema, anaweza kuzama, ila asivuke mita tano, na sikio likiuma apande papo hapo. Kinyozi hakuwa na la kuchagua na alijua. Kinyozi asiyesikia ni hatari kwa mji mzima. Lakini kwenye korido, watu wakiwa wamejaa mabenchi, alisimama ghafla, akamshika mkewe kiwiko, na kusema alichodhani anakinong'ona.

"Miaka kumi na mmoja ninakueleza habari zake, na hujamwona. Kocha anamwona, lakini Kocha si wa nyumbani kwangu. Nikiacha kabla hujamwona, nitakuwa mzee mwongo aliyekuwa na hadithi ya kambare. Twende wote mke wangu. Mara moja tu, kabla hawajanipasua. Nataka umwone kwa macho yako, mimi nikiwa hapo."

Korido nzima iligeuka. Mama mmoja kwenye benchi alimtazama mke kwa huruma na kumuuliza, "Anataka ukamwone nani, dada?"

"Samaki," akasema mke. Kwa uso wa yule mama, afadhali angesema lolote lingine.

Sasa mjue kwamba mwanamke huyu aliogopa maji. Akiwa na umri wa miaka sita alitumbukia kwenye tangi la mvua, akatolewa kwa nywele, na tangu hapo alioga uso ukiwa juu. Siku ya nne baada ya kutoka kwa daktari, katikati ya kukata suruali, alitoa pini mdomoni, akazichoma moja moja kwenye kimto chake, akaingia upande wa mumewe ambako Kocha alikuwa anasubiri zamu.

"Hiyo nguo ya mpira," akamwuliza Kocha, "kuna saizi yangu?"

Kinyozi hakusikia swali, lakini aliona uso wa Kocha, akaweka wembe chini, mteja akiwa bado na ndevu upande mmoja.

Mafunzo yalifanyika kwenye bwawa la kuogelea la chuo, asubuhi mapema kabla wanachuo hawajaamka. Wiki ya kwanza fundi alizamisha kidevu. Wiki ya pili, mdomo. Wiki ya tatu alizamisha uso mzima, akauinua akiwa na hasira kana kwamba maji yamemtukana, akauzamisha tena. Wifi alikuja kushuhudia, akakuta wifi yake wa miaka hamsini na nne amebanwa ndani ya mpira mweusi, mapezi miguuni, anatembea kinyumenyume.

"Wifi! Umri huu?"

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Hujayavulia nguo, wifi, umeyavalia!"

Wakacheka wote mpaka Kocha akapiga filimbi.

Kocha aliwafundisha ishara, maana chini ya maji hakuna neno linalopita. Kidole na gumba vikifanya duara, mambo ni mazuri. Kiganja kikiyumba, kuna tatizo. Na dole gumba juu, tunapanda.

"Hili la mwisho halina mjadala," alisema Kocha, akiwatazama wote wawili ingawa mmoja alilijua tangu zamani. "Mwenzako akikupa dole, unapanda naye. Huulizi kwa nini, humwambii subiri kidogo. Hata kama unaona dhahabu, unaiacha."

Fundi alikubali kwa kichwa, na kwa wiki zote bwawani hakukosea hata mara moja.

Jumapili ya mwisho ilifika, upasuaji ukiwa Alhamisi. Watatu hao walikaa kwenye ukingo wa machimbo, mikanda ya vipande vya risasi vya kuongeza uzito kiunoni, mitungi mgongoni. Fundi hakuwa amegusa chai. Kinyozi alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani: mwanya wa toroli unaingia uso mmoja tu, kwa hiyo mke atatangulia kuangalia, aangalie mpaka atosheke, kisha yeye ataingiza kichwa na kuaga. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayempeleka mchumba kwa wazazi. Itakuwaje Mwenyekiti akiwa ametoka leo?

Wakashuka kwa ngazi, kidato baada ya kidato, mkono wake umeshika wa mkewe. Fundi alivuta hewa kwa pupa, kama mtu anayepuliza moto wa mkaa, lakini alishuka. Mita moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne alisimama, akafumba macho, akayafungua, akaendelea. Kinyozi alijisikia kumkumbatia pale pale na mitungi yao yote. Walipofika kwenye ubao wa mwamba akamwelekeza kwenye mwanya, akamshika mkanda kwa nyuma, akasubiri. Kocha alibaki nyuma yao, juu kidogo.

Fundi aliingiza uso. Akatulia. Alitulia kwa muda mrefu kuliko kinyozi alivyotarajia, na hata kuvuta kwake hewa kukatulia. Kisha akatoa kichwa, akamgeukia mumewe, macho yamemtoka nyuma ya kioo, akainua dole gumba. Akaliinua tena, kwa nguvu.

Kinyozi aliutazama mwanya. Ulikuwa mbali naye kwa urefu wa mkono. Kuchungulia na kumwona Mwenyekiti mara ya mwisho katika maisha yake kungechukua muda wa kupiga chafya. Lakini mke wake, ambaye aliogopa maji tangu utotoni, ambaye alikuwa ameshuka mita tano kwa ajili yake, alikuwa amempa dole, tena mara mbili. Akamshika kwapani, akaupa mwanya kisogo, akapanda naye.

Walipotokeza juu alimtoa mpira mdomoni haraka. "Umeumia? Unapumua? Umeogopa?"

"Mbona umenitoa?" mkewe akafoka. "Nimeanza tu kumwona!"

"Si umenipa dole!"

"Nilikuwa nakwambia safi!"

"Safi ni duara! Dole ni kupanda!"

"Mdomo wangu umejaa mpira, miaka thelathini mdomo wangu ukijaa mimi natoa dole! Wewe hunijui?"

Kocha aliurudisha uso wake majini ili asionekane akicheka. Alipouinua, hapakuwa tena na cha kucheka, kwa sababu fundi alikuwa ameelewa.

"Wewe umeangalia?" akamwuliza mumewe polepole.

"Sikuangalia."

"Hata kidogo?"

"Ulinipa dole."

Fundi alilia hapo hapo ndani ya maji, machozi yakajaa kwenye kioo upande wa ndani. "Turudi," akasema. "Turudi sasa hivi. Kocha, turudi."

Kocha akamtazama kinyozi usoni, upande wa kulia, asije akasingizia kutosikia. "Sikio?"

Sasa hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba alidanganya. Mimi ningedanganya. Ndani ya sikio la kushoto kulikuwa na kitu kama mtu anayekaza skrubu, kilianza pale alipopanda haraka kuliko inavyotakiwa, na neno moja tu, "zima," lingemrudisha chini. Kinyozi alimtazama mkewe, akatazama maji.

"Linauma," akasema.

"Basi," akasema Kocha. "Imekwisha."

Walikaa kwenye jiwe wakiwa wamejifunika taulo. Fundi akahamia upande wa kulia wa mumewe, akakaribia sikio zima, akaanza kueleza. Hakueleza kama mumewe alivyozoea kueleza, kwa mikono na macho. Alieleza kifundi.

"Mita moja na sentimita kumi na nane, mkia sijauhesabu."

"Unajuaje?"

"Napima watu kwa macho miaka thelathini, nishindwe na samaki? Tumbo limelegea, hajala siku nyingi. Kifuani amewalalia watoto, wameshaanguliwa, weusi, wadogo kama vichwa vya pini. Mmoja akitoka pembeni yeye anapepea mkia, anamrudisha. Hakunijali kabisa. Na sharubu ya kushoto, ile ndefu ya juu, ni nusu. Imekatika."

"Haijakatika."

"Imekatika. Kinyozi mzima, miaka kumi na mmoja, hukuiona?"

Kinyozi akafikiri. Alijaribu kuuvuta ule uso, upande mmoja, upande wa pili, na kweli hakuwa na uhakika. Akacheka mpaka sikio likamchoma. Alifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, na hakuficha lolote. Alijifuta macho kwa taulo lenye maji, akazidi kuyalowesha.

"Nilikuwa sikuamini," akasema mkewe. "Si wifi peke yake. Hata mimi."

"Najua, mama watoto. Ukuta wetu ni wa mbao."

Alhamisi akapasuliwa. Wiki kadhaa alikaa na pamba sikioni, akikatazwa kuinama, kupenga kwa nguvu na kubishana. Sauti zilirudi moja moja: kwanza kijiko ndani ya kikombe, kisha mlango wa jirani, kisha cherehani, ambayo alikuja kuilalamikia kwamba tangu lini inapiga kelele namna hiyo. Mwalimu mkuu alirudi kitini mwezi wa tatu tangu upasuaji. Aliandika maagizo yake kwenye karatasi, akayasoma kwa sauti, kisha akamtaka kinyozi ayarudie. Kinyozi aliyarudia neno kwa neno, na "usi" akaitamka kwa mkazo.

Jumapili alikuwa na kazi moja ngumu, kubaki nyumbani. Mkewe ndiye aliyekuwa anatoka asubuhi na begi, na ndiye aliyerudi nywele mbichi. Wiki za kwanza kinyozi alisema hataki kwenda kukaa ukingoni kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Akasikiliza habari nyumbani, mezani, na kusema "ehee." Jumapili ya sita hakuweza tena. Akachukua kofia, akafuatana na mkewe na Kocha mpaka machimboni, na dada yake akaja naye akiwa na chupa ya chai, kwa madai kwamba mgonjwa haachwi peke yake.

Fundi na Kocha walishuka kwa ngazi, vichwa vikazama. Maji yakajifunga. Kinyozi alikaa kwenye jiwe, akatazama pale palipokuwa na mke wake, na moyo ukamwuma sawasawa na alivyojua utamwuma. Dada yake alimimina chai na kuanza kueleza habari za jirani aliyehama, kwa nini alihama, na nani alilijua hilo kabla hajahama.

Ndipo aliposikia. Ilikuwa sauti ndogo, ya kitu kinachochemka mbali. Akageuza sikio la kushoto. Juu ya maji, hatua chache kutoka kwenye ngazi, mapovu yalikuwa yanatokeza na kupasuka, na kila fungu lilikuwa na sauti yake. Kulikuwa na mafungu mawili. Moja lilikuja taratibu, kwa mpangilio, la mtu wa zamani. Jingine lilikuja kwa pupa. Miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyekuwa chini akipumua, na hakujua kwamba mtu akikaa juu kimya anaweza kumsikia.

Alifumba macho. Yale ya pupa yalisogea kufuata ubao wa mwamba, yakapita kibanda cha msimamizi, yakapunguza mwendo. Akawa anayahesabu pumzi kwa pumzi. Yalifika usawa wa toroli, yakasimama hapo hapo. Kisha pupa ikaisha, yakaanza kuja moja, na kituo, na moja.

Dada yake alikuwa amefika kwenye sehemu ya habari ambayo ndiyo yenyewe hasa. Kinyozi akamshika mkono.

"Dada, nyamaza kidogo," akasema. "Wifi yako amefika."